Kama Kwenye Santuri

Chiriku aliusimamisha wimbo katikati kwa kuinua mkono, kama askari wa barabarani, na kila mtu ndani ya karakana akajua anayetafutwa ni nani.

"Tarumbeta peke yake," akasema. "Pale kiitikio kinapoingia."

Karakana ile ilikuwa ya seremala, aliyewaachia bendi mahali pale jioni, mafundi wakishazoa maranda. Simu zote zilikuwa ndani ya ndoo mlangoni. Hiyo ilikuwa amri ya Chiriku, mwimbaji na kiongozi, ambaye alikuwa amesikia mahali fulani habari za mazoezi yenye tija, akarudi nazo kama mtu aliyerudi na dini mpya. Hakuna soga. Hakuna kukaa. Anayechelewa anabaki nje. Na kila mmoja apige sehemu yake peke yake, mbele ya wenzake, mpaka iwe safi. Sheria zenyewe hazikuwa mbaya. Hata Mama Pacha, aliyesimama kwenye mstari wa waitikiaji, alizisifu nyumbani siku zilipoanza. Ubaya wa fimbo ni mkono unaoishika.

Aliyeinua tarumbeta alikuwa mumewe. Baba Pacha alikuwa fundi bomba mchana na mpiga tarumbeta jioni, na alikuwa ametoka kuwekewa meno ya bandia ya mbele, ambayo midomo yake ilikuwa haijapatana nayo. Akapuliza. Upepo ukatoroka pembeni, fsss, kisha ndipo sauti ikafuata, imechelewa na imechoka.

"Rudia."

Akarudia. Fsss.

"Rudia. Unaangalia chini umedondosha nini?"

Akarudia, akarudia tena, mpaka mpiga ngoma akaviweka vijiti mapajani na mpiga besi akaanza kutazama dari. Jasho lilimtoka Baba Pacha likashuka mpaka kwenye kola. Chiriku alikuwa amekunja mikono kifuani. Akamgeukia mwenzake wa karibu, lakini kwa sauti ya kusikika na wote.

"Jamani, tarumbeta inavuja. Na mwenye nayo ni fundi bomba."

Karakana nzima ikaangua kicheko. Mpiga besi aliinama. Mpiga ngoma alipiga sahani ya shaba ya ngoma zake, chwaa, kama wanavyopiga kwenye vichekesho. Na Mama Pacha naye alicheka. Kilimtoka kama chafya, hajakiita wala hajakitaka. Alipokifunika kwa kiganja, macho ya mumewe yalikuwa yameshafika.

Chiriku akamwambia Baba Pacha, kwa upole wa kuudhi, aende akapumzike kwanza mpaka meno na midomo vijuane, wataitana. Baba Pacha akaifuta tarumbeta, akaitia kwenye mkoba wake wa kubebea, akainama kwenye ndoo na kuchambua simu za watu mpaka akaipata yake. Akatoka. Mama Pacha alibaki hadi mwisho, kwa kuwa sheria ilikuwa hakuna anayeondoka kabla ya wakati. Hilo nalo baadaye lilimkaa kooni kama mwiba.

*

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili na jiko la nje. Pacha wao walikwisha kuolewa, wakabaki watatu: Baba Pacha, mkewe, na mama mzazi wa Baba Pacha, bibi wa ibada ambaye mkeka wake wa sala haukuwahi kukunjwa ukakaa. Tangu siku ile Baba Pacha hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Aliitikia salamu, alikula, alikwenda kuzibua mabomba ya watu na kurudi, na akiongea na mkewe alikuwa anaongea na ukuta uliokuwa nyuma yake. Tarumbeta aliipandisha juu ya kabati, ikalala pale kama mgonjwa asiyetembelewa.

Mama Pacha alimpikia alichokipenda. Akamsifia meno. Akamwambia kuwa Chiriku hana adabu tangu zamani. Baba Pacha akasema ndiyo, chumvi imetosha.

Mwisho mwanamke akashindwa. Wakiwa jikoni, bibi yuko chumbani kwake, akamuuliza mumewe amekosa nini yeye, mbona aliyemtukana ni mtu mwingine.

Baba Pacha akaliweka chini tambara alilokuwa akifutia mikono. "Chiriku sikumtegemea," akasema. "Wewe ulicheka."

"Kilinitoka, Baba Pacha."

"Najua kilikutoka. Cha kutoka chenyewe ndicho cha kweli."

Mama Pacha akageukia jiko. Akalia kimya, akiukoroga mchuzi usiohitaji kukorogwa. Labda ni yale machozi, au ni kule kukaa na jambo peke yake muda mrefu, yaliyomfanya Baba Pacha afungue kifua. Alimwambia kitu ambacho katika miaka yote ya ndoa hakuwa amemwambia. Kwamba huyo Chiriku anayewapima wenzake pumzi, sauti yake ilikwisha kupungua zamani. Nyimbo zilizompa jina, zile alizoziimba kwenye santuri akiwa kijana, hazifikii tena. Ni yeye, Baba Pacha, aliyekuwa akizishusha, bendi izipige chini kidogo kuliko zamani. Alizishusha mara ya kwanza akasingizia nyuzi za gitaa kuwa chakavu, hazivumilii kukazwa. Akazishusha tena akasingizia tarumbeta yenyewe. Chiriku akaendelea kuimba, akijiona koo lake ni lile lile, na watu wakampigia makofi.

"Na hajui?"

"Atajuaje? Mtu hupenda kuamini mlima umebaki pale pale na miguu yake ni ya jana." Kisha akamnyooshea kidole. "Na usithubutu kusema. Huyo tumeanza naye. Uchi wa mwenzio ukiuona unauficha, huuaniki kambani."

Mama Pacha akasema hatasema. Na kweli, neno moja hakulisema kwa mtu.

*

Duka la Chiriku lilikuwa la rangi za nyumba. Mama Pacha alimkuta anakoroga debe kwa kijiti, akasimama kando kwa heshima mpaka mteja akaondoka. Akamwambia amekuja kwa ajili ya ile harusi.

Harusi ile kila mtu kwenye bendi alikuwa akiilalia na kuamka nayo. Mwenye kiwanda cha matofali alikuwa akimwoza binti yake, na alikuwa mtu wa mikono mipana. Bendi ikimpendeza, sherehe zote za kiwanda na za jamaa zake zingekuwa zao. Alikuwa ametaka jambo moja tu: ule wimbo wa ndoa wa Chiriku, ambao yeye mwenyewe alioa ukipigwa. Aliutaka vile vile, kama kwenye santuri. Chiriku alilirudia neno hilo kila mahali, mpaka kwa wanunuzi wa rangi.

"Shemeji," Mama Pacha akasema, "nimeona unavyochoka. Mazoezi ni mwanzo mpaka mwisho wewe, na dukani wewe, na fundi wa sare anakungoja wewe. Koo si chuma. Nipe mimi niwasimamie hawa watu. Nitawafungia simu, nitawarudisha mmoja mmoja, vile vile unavyotaka. Wewe uje mwishoni, upite nasi kidogo kwa sauti ndogo, basi. Hiyo kubwa tuiwekee harusi."

Chiriku alimtazama akitafuta kisu, akaona uso wa mwanamke mtu mzima aliyefunga kitambaa chake vizuri. Akamuuliza kama mumewe hajaudhika.

"Mume wangu anapumzika kama ulivyosema."

"Wewe ndiye mwenye akili nyumba ile," Chiriku akasema, akacheka. Akampa ufunguo wa kabati la vyombo.

*

Hakuna mtu kwenye bendi ile aliyewahi kuona mazoezi kama yale. Mama Pacha hakuinua sauti wala hakumdhihaki mtu. Aliwasimamisha, akawaombea dua fupi, akaanza. Aliukata wimbo vipande kama kitambaa cha kushona. Kipande kikikaa anakiunga na mwenzake, viwili vikikaa anaunga cha tatu. Aliyekosea hakuaibishwa; alirudia pamoja na jirani yake mpaka mkono ukazoea. Sheria moja ya kwake aliiongeza: wimbo ukianza hausimami. Mtu akipotea aendelee, atapatikana mbele. Hata nyumba iungue, wanamaliza ndipo wanatoka.

Na wimbo aliupandisha. Alileta santuri yenyewe kutoka nyumbani, seremala akawasha mashine yake kuukuu ya kupigia santuri, wakasikiliza. Akawaambia mwenye shughuli ameitaka hivi, na kiongozi ameitaka hivi, basi iwe hivi. Mpiga besi alinung'unika, akajifunza upya. Fundi viatu, aliyepiga gitaa la solo, akachukua kibanio chake na kukibana shingoni mwa gitaa mpaka sauti ikalingana na ya santuri. Wimbo ukang'aa. Hata wao wenyewe walitazamana.

Baada ya mazoezi fundi viatu alimfuata kwenye kabati la vyombo. Alikuwa mtu wa maneno machache, aliyezoea kuongea na misumari mdomoni.

"Shemeji, yule bwana atafika huku?"

"Amesema kama kwenye santuri. Hukumsikia?"

"Nimemsikia."

"Basi nenda dukani kwake ukamwambie hafiki."

Fundi viatu akakuna kisogo. Akasema yeye ni mtu wa viatu, mambo ya koo hayamhusu.

Jioni Chiriku alipofika, akazitia simu zake zote mbili kwenye ndoo, akapita nao ule wimbo kwa kunong'ona, chini kabisa, mkono mmoja sikioni, kama wafanyavyo waimbaji wanaoilinda sauti. Anayenong'ona hapandi mlima, anautazama tu. Aliridhika. Aliwaambia wenzake mnaona faida ya mazoezi yenye tija, bendi imekuwa nyepesi, inaruka. Wakajibu ndiyo kiongozi.

Nyumbani Mama Pacha alikuwa akisali na mkwewe kama kawaida. Bibi alipenda kuomba kwa sauti, na siku moja aliomba Mungu awasamehe waliomdhulumu mwanawe. Mama Pacha aliitikia maombi yote, ya wagonjwa, ya wasafiri, ya mvua. Lile aliliacha lipite bila kuitikia.

*

Harusi ilikuwa mchana, katika ukumbi wenye mapazia meupe na feni zilizokuwa zikizungusha joto lile lile. Bendi ilivaa sare za buluu. Kabla ya kupanda jukwaani Chiriku alimsogelea Mama Pacha, akamuuliza Baba Pacha anaendeleaje, akamwambia ampelekee salamu, wakimaliza shughuli hii wataangalia namna ya kumrudisha. Alilisema vizuri. Moyo wa mwanamke ukalegea. Alimtazama fundi viatu, ambaye kibanio kilikuwa bado mkononi, hajakibana. Ishara moja ya kidole ingetosha kumwambia akirudishe mfukoni. Wenzake je? Wangehangaika ubeti mmoja, kisha wangefuata gitaa. Kidole alikwisha kukiinua.

Chiriku akashika kipaza sauti. Akawasalimu wageni, akamsifu baba wa bibi harusi, akaitambulisha bendi, mmoja baada ya mwingine, kwa utani. Alipofika kwenye nafasi iliyokuwa tupu akatua.

"Na hapa husimama tarumbeta. Leo hayupo. Ilikuwa inavuja, tumeirudisha kwa fundi bomba."

Ukumbi ukacheka. Watu wasiomjua Baba Pacha, ambao pengine aliwatengenezea mabomba ya jikoni, walimcheka akiwa hayupo. Mama Pacha akakishusha kidole. Fundi viatu akakibana kibanio.

Mstari wa kwanza Chiriku aliupita, maana unaanzia chini. Kwenye wa pili nyusi zake zikakutana. Wa tatu ndio unaopanda, ule ambao watu hufumba macho wakiungoja, na mwenye kiwanda alikuwa ameshayafumba, ameushika mkono wa mkewe. Chiriku akafungua kinywa chote. Sauti ikapanda, ikagota, ikapasuka kama ubao uliopigwa msumari mnene. Akakohoa. Akaubana mkono kiunoni akashusha kiganja, shusheni, shusheni. Lakini mikono iliyofundwa vile haikujua kushuka. Bendi ilikwenda mbele, safi, haina kosa hata moja.

Ipo desturi kwa waimbaji: kiongozi akikwama, waitikiaji humfunika. Hata kama jana mligombana, unamfunika, kesho ni zamu yako. Chiriku akageuka akawatazama. Wale waitikiaji wengine wawili nao wakamtazama Mama Pacha, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiingia kwanza. Mama Pacha alikuwa akitazama mbele. Alikuwa anatabasamu kwa adabu, mikono ameifumbata tumboni, na mdomo umefungwa.

Chiriku akajaribu tena. Kilichotoka kilikuwa mlio wa jogoo anayejifunza. Mtu mmoja nyuma akacheka. Msichana akamwinamia mwenzake. Kicheko kikaanza kutembea meza kwa meza, kikiomba radhi mwanzoni, kisha bila kuomba. Mama Pacha alikisikiliza kikija. Alikingoja kifike meza kuu. Kilipofika, mwenye kiwanda alipofumbua macho, ndipo yeye akafungua kinywa na kuuchukua wimbo juu kule kule ulikokuwa, akaupeleka mpaka mwisho, na ukumbi ukasimama kumpigia makofi. Chiriku alisimama pembeni yake akichezesha kipaza sauti kilichozimwa.

*

Habari zilitangulia. Alipofika nyumbani mumewe alikuwa amekaa barazani na simu mkononi. Fundi viatu amempigia. Hakumuuliza harusi ilikuwaje. Aliuliza walipiga wapi, chini au juu.

"Kama kwenye santuri."

Baba Pacha akaiweka simu chini. "Nilikupa siri," akasema, "umeifanya kisu."

Mama Pacha akaingia ndani kubadili nguo. Alipotoka alimwandalia chakula, naye akala. Alikimaliza chote, sahani akaipeleka mwenyewe jikoni, na alipopita karibu na mkewe alimtazama yeye, si ukuta. Hawakulizungumza tena.

Kesho yake, kabla jua halijakali, Chiriku akabisha hodi. Alikuja bila kofia, sauti imekauka kama ya chura wa kiangazi. Baba Pacha alimwacha asimame kidogo, kisha akamwambia kaa. Bibi akaletewa kiti naye akae, kwa kuwa mambo ya kuombana radhi yanahitaji mtu mzima. Chiriku akasema aliyokuja kuyasema. Kwamba alimkosea mwenzake mbele ya watu. Kwamba tangu Baba Pacha atoke, nyimbo zimemkimbia. Jana alipanda jukwaani akaona koo si lake. Amekwisha kunywa maji ya tangawizi, jana jioni amekwenda kwa daktari, daktari haoni kitu. Anadhani ile tarumbeta ndiyo iliyokuwa ikimbeba siku zote.

"Rudi, kaka. Meno yatazoea, sisi tutangoja."

Baba Pacha alimtupia mkewe jicho, kisha akatazama miguu yake. Akasema atarudi.

Bibi akamshukuru Mungu kwa sauti. Chai ikanywewa. Chiriku, alipokuwa anainuka, akamgeukia Mama Pacha, macho yamejaa. "Na wewe shemeji, Mungu akulipe. Wote walinicheka. Wewe peke yako uliniokoa. Mazoezi endelea nayo wewe."

Hapo ndipo jambo lingeishia, na lingeishia vizuri. Mumewe amerudishiwa nafasi yake, heshima yake imeombwa kwa mdomo, bendi imebaki. Mwanamke mwingine angesema amina. Lakini ile shukrani ilimchoma Mama Pacha kuliko tusi. Mtu aliyeanguka akidhani ameteleza, umemwangusha nini?

Akamsindikiza mgeni mpaka kwenye kizingiti, kama ilivyo ada. Akauvuta mlango nyuma yake.

"Shemeji, koo lako halina ugonjwa. Daktari amesema kweli."

Chiriku akangoja.

"Wimbo niliupandisha mimi. Niliurudisha pale ulipouimba ukiwa kijana. Miaka yote hii ulikuwa unashushiwa na mume wangu, kimya kimya, usiaibike. Ulikuwa unanong'ona, hukuona."

Chiriku aliushika mwimo wa mlango. Alichouliza kwanza hakikuwa kwa nini. "Na wenzangu walijua?"

Kwa kweli, katika bendi nzima aliyewahi kumuuliza Mama Pacha jambo hilo ni fundi viatu peke yake. "Wote," Mama Pacha akasema.

Chiriku akauachia mwimo. "Nimekukosea nini mimi? Kama ni lile la bomba, nilitania tu."

"Na mimi nilitania."

Mtaa ulikuwa unaamka. Jirani alipita na ndoo akawasalimu, wote wawili wakaitikia vizuri. Chiriku akaangalia huku na huku, akasogea karibu, na mtu yule aliyezoea kuamrisha kwa mkono akasema kwa sauti iliyokuwa imebaki, "Ushushe basi, shemeji. Nakuomba."

"Nitaushusha. Leo jioni, mbele ya wote, na nitawaambia naushusha kwa ajili ya nani. Ukitaka kuwepo, uwepo."

Alimwangalia akienda mpaka alipokata kona, mabega yamemshuka kama koti la kuazima. Akageuka. Mlango ulikuwa wazi kidogo na mkwewe alikuwa amesimama nyuma yake, mkono ukutani.

"Mwanangu," bibi akasema, "Mungu anakuona."

"Na anione, mama. Siku ile tulipomcheka mwanao alikuwa anaona pia."

Bibi akarudi kwenye mkeka wake. Mama Pacha akakusanya vikombe. Akakiosha kile alichonywea mgeni, akakifuta mpaka kikakauka, akakiweka pamoja na vingine.